Mrejesho: prompti ya Bash iliyokuwa ikifunika amri ndefu

Ndugu zangu, wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini, tangu niipake rangi ya kijani prompti yangu ya Bash (yale maandishi mafupi yanayotangulia kila amri katika Bash, shelli yaani programu ya kupokea amri), kila amri ndefu ikifika ukingo wa skrini ilirudi mwanzo wa mstari uleule na kujiandika juu ya yale niliyokwisha kuyachapa. Asanteni sana mlionijibu.

Aliyesema kwamba Bash ilikuwa ikihesabu misimbo ya rangi kana kwamba ni herufi zinazoonekana alilenga penyewe. Nilifungua faili la mipangilio ya Bash, .bashrc, na kuuzungushia kila msimbo wa rangi alama za \[ na \], zinazoiambia Bash isiuhesabu, hivi (PS1 ndiyo prompti yenyewe):

PS1='\[\e[32m\]\u@\h:\w\[\e[0m\]\$ '

Nikaandika source ~/.bashrc ili faili lisomwe upya, na tatizo likaisha papo hapo. (Mara ya kwanza nilisahau kuufungia ule \e[0m wa mwisho, nikapoteza jioni nzima hapa Kondele nikiilaumu kompyuta isiyo na kosa.)

Seva ya kazini, ninayoiingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kompyuta nyingine kupitia mtandao), ilibaki bila rangi mpaka nilipofuata ushauri wa pili: shelli ya kuingilia husoma .bash_profile, si .bashrc, kwa hiyo nimeongeza humo mstari wa kuiita .bashrc.

Jambo moja halijafaulu. Jina la tawi la Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) linaonekana vizuri kwenye prompti kwa amri ya __git_ps1, lakini nikiwasha GIT_PS1_SHOWDIRTYSTATE, kinachoonyesha kama kuna mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa katika Git, katika mradi wetu mkubwa, prompti huchelewa karibu sekunde mbili kila nibonyezapo Enter. Nimekizima kipengele hicho. Jina la tawi linanitosha kwa sasa.