Ndege inanikatia kushoto kila nikitaka kupaa, wazoefu wa simuleta njooni

fundi_simu, Pasiansi

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi simu hapa Mwanza. Nikishafunga kibanda usiku nakaa kwenye kompyuta ya mtumba niliyoiunga mwenyewe, kadi ya grafiki niliipata kwa mteja aliyeshindwa kulipia kioo. Nimepakua DCS World, mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta, ambao bure unapewa ndege mbili: TF-51D, yaani Mustang ya mazoezi isiyo na silaha, na Su-25T ya Kirusi yenye silaha zake zote. Kupakua peke yake kumekula bando la usiku siku tano.

Nimeanza na masomo kama mtu mstaarabu. La kuwasha injini nimelirudia mara 3 maana mwalimu anaongea Kiingereza cha kukimbia, nikitafuta swichi moja yeye yuko ya nne. Nikalimaliza. La kupaa ndilo limenishinda. Jana nimehesabu: mara 17, zote nimeishia majanini upande wa kushoto.

Nafungua nguvu yote, nasukuma joistiki mbele mkia uinuke kama nilivyoona kwenye video, ndege inakata kushoto kama ng'ombe aliyeona maji. Bawa linagusa chini, kwisha. Joistiki yangu haina pedali, kwa hiyo usukani wa mkia naendesha kwa kibodi, Z kushoto na X kulia. Na kushika usukani si mgeni, nimekulia kwenye mtumbwi wa mashine wa baba mdogo kule Igombe.

Swali langu: niachane na masomo nirukie Su-25T, nijifunze vitani humohumo? Mdogo wangu anasema ile haina gurudumu la mkiani, inanyooka yenyewe.

dagaa_mbichi

Rukia Su-25T mkuu, maisha mafupi. Mimi sijasoma somo hata moja na vifaru nimelipua.

fundi_simu

Kutua unatuaje?

dagaa_mbichi

Kutua? Natoka na mwavuli.

Kipanga_Igoma

Fundi, usimsikilize huyo. Ugonjwa wako umeutaja mwenyewe: "nasukuma joistiki mbele".

Gurudumu la nyuma la Mustang linafungwa na joistiki yenyewe. Ukiivuta kwako, gurudumu linajifunga na linageuka digrii 6 tu kila upande. Ukiisukuma mbele, linaachia, linazunguka ovyo kama kigurudumu cha kiti cha ofisini. Sasa wewe unalifungua wakati ndege haina kasi, upepo unaopita kwenye usukani bado mdogo, halafu hapohapo unaipa injini nguvu yote. Itanyookaje?

Na kwa nini ni kushoto siku zote: ukiwa umekaa kwenye kiti cha rubani, propela inazunguka kufuata mishale ya saa. Mwili wa ndege unataka kujipindua kinyume chake, gurudumu la kushoto linakandamizwa. Upepo wa propela nao unajiviringisha kwenye mwili wa ndege na kuupiga mkia ubavu wa kushoto, pua inafuata hukohuko. Mkia ukiinuliwa ghafla inazidi.

Kabla hujaachia breki weka trimu ya usukani, yaani kile kirekebishi kinachousaidia kuegemea upande mmoja, digrii 6 kulia. Joistiki vuta tumboni. Nguvu ongeza polepole mpaka geji ya presha ya injini isome inchi 40, acha ndege inyooke kwanza, ndipo uende 61 na mizunguko 3000 kwa dakika. Mkono ulegeze kidogokidogo, mkia utainuka wenyewe. Kwa kuwa unatumia kibodi, X usiikandamize ukaishikilia, idonoe. Kuna pia msaada wa kupaa kwenye mipangilio maalumu ya ndege hiyo. Weka nusu, kila ukizoea punguza. Hakuna anayekuona.

Mzee wa Kirumba

Wajukuu, hili la kukimbilia vita kabla ya masomo linanikumbusha Machi 1979, vita ya Kagera. Gaddafi alimtumia Amin msaada, na Tu-22 moja, ndege ya kudondosha mabomu, ikaagizwa ije kupiga Mwanza ili Mwalimu atishike. Si kidege kile, ni dude la injini mbili na watu 3 ndani. Likaukosa mji. Mji mzima! Mzigo wake ukaangukia kisiwani Saanane, wakafa swala. Leo watalii wanavuka kwa boti kwenda hifadhini na wengi hawajui kama swala wa pale walishawahi kupigwa vita.

Sasa wewe fundi, kunyooka barabarani tu bado, unataka vifaru?

dagaa_mbichi

Mzee umeniua 😂 Shikamoo.

fundi_simu

Marahaba tutampokelea. Mzee shikamoo, nimekuelewa.

Mrejesho wakuu. Nimefuata ya Kipanga. Mara ya kwanza na ya pili, kushoto tena. Nikashangaa, joistiki iko tumboni, trimu ipo. Nikaweka simu irekodi mkono wangu kwenye kibodi, ndipo nikacheka peke yangu. Ndege ikivuta kushoto, nabonyeza Z! Mtumbwi wa mashine ukitaka uende kulia unasukuma mpini kushoto. Miaka yote ile ziwani mkono umeshajua hivyo, haukuniuliza. Kumbe nilikuwa naisaidia ndege kwenda majanini.

Nikabandika kipande cha plasta juu ya X. Mara ya sita tangu hapo, mkia ukapanda taratibu, mtikisiko wa magurudumu ukakata, nikaona ardhi inashuka. Nilikuwa Batumi, bahari iko hapohapo. Nikakunja magurudumu, nikaanza kugeuka juu ya maji, naangalia chini kama naona Igombe. Umeme ukakatika.

Sijui niliyemtukana ni nani, ila jirani alisikia.

Sasa nielekezeni kutua. Na mwavuli sitaki.

Kipanga_Igoma

Hongera fundi! Plasta usiitoe kwanza. Kutua: magurudumu usiyashushe mpaka uwe chini ya maili 170 kwa saa, flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, zishushe zote ukiwa chini ya 165. Nguvu punguza mapema, maana ile ndege haipendi kupunguza mwendo. Ukigusa chini na kasi imepungua, joistiki irudishe tumboni ubaki nayo hukohuko mpaka isimame.