Vifaranga wa bata wanapinda miguu, wa kuku wako salama, na wote wamo katika bruda moja

Mfugaji wa Ipuli, Tabora

Habari za jioni, ndugu wafugaji. Ninalea vifaranga wa kuku wa kienyeji pamoja na wa bata ndani ya bruda moja, yaani mduara wa kulelea vifaranga kwa joto, matandiko yakiwa maranda ya mbao na joto likitoka kwenye chungu cha mkaa. Wote wako katika wiki ya pili. Wa kuku wanakua vizuri, lakini baadhi ya wa bata wamepinda miguu, huketi muda mwingi, na wakiinuka hujikokota. Aidha, matandiko huwa yamelowa kila asubuhi hata yakibadilishwa jioni. Chakula chao ni unga wa mahindi, pumba na mashudu kidogo ya alizeti. Jirani ananihimiza niwape antibayotiki, lakini sitaki kuanza dawa kabla ya kujua ninatibu nini. Je, ni ugonjwa wa kuambukiza?

Mama Bata, Ujiji

Ndugu yangu, umefanya vyema kuiweka dawa kando. Miguu inapopinda kwa bata peke yao, huku kuku wanaokula chakula kilekile wakiwa wazima, jambo la kwanza la kutazama ni chakula, na hasa vitamini iitwayo niasini, ambayo ni vitamini B3. Kifaranga wa bata huhitaji takriban miligramu 55 za niasini katika kila kilo ya chakula, ilhali wa kuku hutosheka na kiasi cha kati ya 27 na 35, kwa sababu mwili wa bata ni dhaifu katika kuitengeneza vitamini hiyo kutokana na protini. Mahindi nayo yana niasini iliyofungamana kiasi kwamba ndege hafaidiki nayo sana, kwa hiyo chakula chenye mahindi mengi kinaweza kumshibisha bata na bado kikamwacha na upungufu.

Nunua unga wa vitamini za kundi B kwenye duka la dawa za mifugo, uuchanganye katika maji yao kama kibandiko kinavyoelekeza, na uwaongezee dagaa waliosagwa, wasizidi sehemu moja kati ya kumi ya chakula. Dagaa wa huku kwetu Kigoma hufika Tabora bila shida, ila chagua wale waliokaushwa bila chumvi, kwani chumvi nyingi huwaua vifaranga. Waliopinda kidogo wanaweza kunyooka wakiwahiwa. Waliokwisha kulemaa kabisa mara nyingi hawarudi.

Kuhusu unyevunyevu, watenge leo. Bata hunywa kwa kuzamisha mdomo na kusafisha pua, na hivyo humwaga maji kila mahali, na matandiko mabichi ndiyo yanayostawisha vimelea vya koksidiosisi vinavyowaharisha kuku damu. Wape bata chombo chembamba chenye kina cha kuzamisha pua tu, ukiweke juu ya wavu wenye beseni chini yake. Wasiogelee bado: aliyeanguliwa bila mama hana mafuta ya kutosha kwenye manyoya, hivyo hulowa na kupata baridi.

Mfugaji wa Ipuli, Tabora

Nashukuru sana, mama. Hapa kwetu karanga ni nyingi, na nimesikia kwamba nazo zina niasini. Je, mashudu ya karanga yanaweza kushika nafasi ya dagaa? Na joto la bata liwe sawa na la kuku?

Mstaafu wa Mifugo, Kasulu

Kijana, kweli karanga zina niasini, lakini kwa bata nakusihi uwe mwangalifu kupita kiasi. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu inayotoa sumukuvu, na vifaranga wa bata ni miongoni mwa viumbe wanaoathirika upesi mno. Sumu hiyo ilitambuliwa baada ya vifo vya batamzinga wengi nchini Uingereza mwaka 1960, waliolishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili. Hapa kwetu, mwaka 2016, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo usiwape bata mashudu usiyojua yamekaa wapi, na hata mahindi yako uyakague: yakiwa na ukungu au harufu ya uvundo, yasiende bandani kabisa, kwa sababu kuyachemsha hakuondoi sumu hiyo.

Joto la kuku lianzie nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha lishuke takriban nyuzi 3 kila wiki. Bata anzia 32 na ushushe haraka zaidi. Usitegemee kipimajoto peke yake: wakisongamana chunguni wanasikia baridi, wakikimbilia ukingoni huku wakihema limezidi. Mkaa uwashe nje hadi moshi uishe, na uache nafasi ya hewa juu ya banda, maana hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Usiku wa Juni na Julai huko Tabora una baridi, na mtu hushawishika kuziba kila tundu. Hapo ndipo vifaranga hukutwa wamekufa asubuhi.

Tena, wachanje kuku dhidi ya kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku wengi, kwa matone ya jicho. Bata anaweza kubeba virusi hivyo bila kuonyesha dalili, hivyo hata ukishawatenga, wahudumie kuku kwanza, kisha bata.