Vyuo vinatuita kutoka mbali, halafu vinatufanyia kama tunalala mtaa wa pili

Wakuu, leo uvumilivu umeisha. Nitaandika kwa hasira na nitaandika kirefu, asiyependa apite.

Hivi nani aliwaambia wakubwa wa vyuo kwamba kila mwanafunzi kwao ni hapo nyuma ya geti? Kwenye matangazo ya udahili wanajisifu kupokea vijana kutoka kila pembe. Ukishakubali nafasi na kusafiri usiku kucha, ndipo unagundua kila utaratibu wao umepangwa kwa ajili ya mtu anayeweza kurudi kwao mchana kula na jioni akawa amesharudi.

Tuanze na vyumba. Majina ya waliopata bweni yanatoka baada ya chuo kufunguliwa. Baada! Yaani ufike kwanza na mizigo yako yote, ndipo uambiwe huna pa kulala. Sisi tulikuta karatasi imebandikwa kwenye kioo cha ofisi ya malazi, kwa ndani, na mistari ya chini imezibwa na pazia. Watu wamechuchumaa, wengine wanapiga picha na kuikuza kwenye simu wakitafuta majina yao. Nyuma yetu korido imejaa mabegi, ndoo na magodoro yaliyofungwa kamba. Mwenzangu ambaye kwao ni mji uleule aliangalia, akasonya, akapanda gari akarudi kwa mama yake. Mimi nikamuuliza dada wa dirishani nifanyeje. "Tafuta mtaani mdogo wangu, madalali wapo wengi." Akavuta pazia.

Haya, mtaani. Dalali anataka hela ya kukuonyesha tu, hata usipochukua. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, halafu anaomba mdhamini anayeishi mji huohuo. Mdhamini! Ningekuwa na mtu wa kunidhamini hapa si ningelala kwake? Na wale wanaojaribu kujiwahi kwa kutafuta chumba wakiwa bado nyumbani ndio wanaoliwa kweli: wanatumiwa picha za chumba cha mtu mwingine, wanalipa "ya kushikia", na siku ya kufika simu haipokelewi. Wadogo zetu mnaosoma hapa, msitume hela ya chumba ambacho nyie au mtu wenu hajakikanyaga.

Hapo sijagusa mkopo ambao hautoki mpaka usajiliwe, na usajili ambao haukamiliki mpaka ulipe. Hilo kila mtu analijua. Tofauti ni kwamba aliye kwao anasubiri akiwa anakula kwa wazazi, wewe unasubiri kwenye mji ambao hata duka la kukukopesha huna. Na fomu ya mzazi lazima isainiwe kwa wino, nakala ya kwenye simu hawaitaki. Mzazi wangu wamdhanie yuko wapi, kantini?

Nimesoma historia, na ndiyo maana napandwa na hasira zaidi. Hili jambo la mwanafunzi mgeni si geni hata kidogo. Karne ya 12 Kaizari Frederick Barbarossa, mtawala wa nchi za Wajerumani, alitoa amri ya kuwalinda watu wanaosafiri kwenda kusoma, ikiwemo kukataza mwanafunzi asibanwe kwa deni la mtu mwingine wa kwao. Kule Bologna, mji wa chuo Italia, wanafunzi waliotoka mbali walijiunga pamoja kufuatana na walikotoka, na kodi za vyumba vyao zikawa zinapangwa na wakadiriaji maalumu, si dalali wala mwenye nyumba peke yake. Mwaka 1231 Papa Gregori wa Tisa akakiruhusu chuo cha Paris kusimamisha masomo, na mojawapo ya sababu alizozikubali ni kunyimwa ukadiriaji wa kodi za vyumba. Watu hawakuwa na umeme, lakini walishaelewa kwamba ukikusanya wageni kwenye mji, lazima ujue watalala wapi na kwa bei gani. Leo chuo kina mfumo wa kompyuta unaojua anwani ya nyumbani kwangu tangu siku niliyoomba nafasi, na bado hakikujua kwamba sikuwa na pa kwenda usiku.

Likizo nayo ni vita. Bweni linafungwa, chumba kiachwe kitupu, stoo ya kuweka mizigo hakuna. Ratiba ya mitihani inatoka dakika za mwisho, kwa hiyo huwezi kukata tiketi mapema wakati ni rahisi. Ukikata kwa kubahatisha, wanasogeza karatasi moja mbele na tiketi yako imekwenda na maji. Na ukiangukia mtihani wa marudio, unaitwa katikati ya likizo, usafiri safari nzima kwa ajili ya karatasi ya saa chache, kisha urudi.

Msije kuniambia "komaa, ndiyo ukubwa". Kupika, kufua, kuumwa peke yangu, kulia nimegeukia ukutani, yote nimeyakubali na silalamikii. Ninacholalamikia ni mambo ambayo mtu mmoja ofisini angeyamaliza kwa kutoa orodha mapema kidogo.

Sasa kilichonileta leo. Tulilipa pesa ya tahadhari mwaka wa kwanza, inayorudishwa ukimaliza kama hujaharibu kitu. Nimemaliza, sijavunja hata kikombe, nimesharudi nyumbani. Wananiambia nifike mwenyewe dirishani na risiti halisi. Nauli ya kwenda na kurudi inazidi hiyo hela! Nikauliza kama wanaweza kunitumia, wakasema utaratibu hauruhusu. Mbona kuipokea waliipokea kwa simu?

Kama kuna aliyewahi kuidai akalipwa bila kusafiri, aseme barua aliielekeza ofisi gani na aliambatanisha nini.