Kampuni ya vifaa tiba inagoma kutoa nyaraka kwenye kesi ya mtoa taarifa, mnabanaje?

mtu_wa_Nkuhungu:
Wakuu heshima kwenu. Niko hapa Dodoma, nafanya kazi za mtandaoni kwa ofisi moja ya mawakili huko Marekani, nachambua nyaraka na kupanga majedwali. Sheria nimesoma UDOM, ya kwao najifunzia humo humo kazini. Sasa kuna kesi, jamaa alikuwa mtu wa mauzo kwenye kampuni ya vyuma vya kuunga uti wa mgongo, anadai walikuwa wanawalipa madaktari hela za "ushauri" ili watumie vyuma vyao halafu bili inaenda Medicare, bima ya afya ya serikali ya huko, hasa ya wazee. Imefunguliwa kwa False Claims Act, sheria ya kwao inayomruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya serikali iliyodanganywa na kupata mgao, serikali ikakataa kuingia kwa hiyo anaendelea mwenyewe na mawakili wake. Tumefika kwenye diskavari, yaani hatua ya pande mbili kupeana nyaraka na ushahidi kabla ya kesi kusikilizwa, ndo balaa. Tumeomba imeili na malipo ya madaktari wa nchi nzima miaka 10, wao wanasema tunapekua tu hatujui tunachotafuta, watatoa jimbo moja alilokuwa anafanyia kazi yeye, miaka 2, basi. Na wao wanataka kila karatasi aliyoondoka nayo pamoja na ile taarifa ya siri aliyoipa serikali mwanzoni. Bosi anataka mapendekezo kabla ya Alhamisi. Mnaanzia wapi?

WakiliAreaC:
Mkuu kwanza ishia hapo hapo usiongeze detail, hiyo ni kesi ya watu.

Haya. Nchi nzima miaka 10 jaji hawapi, sahau. Tangu Desemba 2015 kanuni ya 26 ya mashauri ya madai ya shirikisho inataka ombi lilingane na uzito wa kesi, yaani wanaangalia hela inayobishaniwa, nani ameshikilia taarifa, na gharama ya kuzitafuta ukilinganisha na faida yake. Halafu hizi ni kesi za udanganyifu, kanuni ya 9(b) iliwalazimu kueleza nani, lini, wapi, kwa hiyo kampuni itasema mipaka ya diskavari ndo ile mliyoiandika wenyewe kwenye hati ya madai. Kama hati inataja mpango ulioamriwa makao makuu, hapo mna pa kushika kutoka nje ya jimbo. Kama inamtaja daktari mmoja tu wa kijijini huko, poleni.

Ningependekeza muombe kwa awamu. Awamu ya kwanza mikataba ya ushauri, malipo, na imeili za watu wachache walioidhinisha, sio kila mfanyakazi. Kikitoka kitu ndo mnarudi kwa jaji kuomba majimbo mengine, sasa mkiwa na karatasi mkononi. Na kabla hata ya hapo ingieni Open Payments, tovuti ya serikali ya Marekani, ni bure, malipo ya kampuni za dawa na vifaa tiba kwa madaktari yapo humo kuanzia Agosti 2013. Mkishajua daktari gani kalipwa ngapi hakuna atakayewaambia mnapekua ovyo. Inashangaza watu wanaruka hiyo hatua.

Kingine, kabla ya kupeleka ombi la kuwalazimisha, kanuni ya 37 inataka uthibitisho kwamba mlikaa nao mkajaribu kuelewana kwa nia njema. Imeili moja ya matusi ya Ijumaa jioni sio kukaa.

dada_famasia:
Mimi sio mwanasheria ila vyuma hivyo navijua. Msing'ang'anie imeili tu! Mtu wa mauzo huwa yuko theatre siku ya upasuaji, na kuna karatasi inayoandikwa chuma gani kimetumika na namba ya loti, ndo inaenda kwenye ankara. Ombeni hizo, na mfumo wao wa kulipa kamisheni, na meseji za simu maana mambo ya asante kwa daktari nani anaandika kwenye imeili ya kazini? Wakileta hoja ya siri za wagonjwa, majina yafutwe yabaki namba, na mahakama itoe amri ya ulinzi wa siri.

mtu_wa_Nkuhungu:
Dada umenifungua macho, meseji tulisahau kabisa. Na hizo alizoondoka nazo jamaa? Alibeba nyingi, na kuna za wakili wa kampuni ndani yake.

WakiliAreaC:
Za wakili acheni kuzisoma LEO, zitengwe, bosi wako aambiwe. Zilizobaki, mahakama nyingi zinamvumilia mtoa taarifa aliyechukua kinachohusu madai yake, ila aliyekomba seva nzima anajitafutia kushtakiwa na kampuni humo humo kwenye kesi. Ile taarifa kwa serikali majaji hawako pamoja, wengine wanailinda kama maandalizi ya kesi ya wakili, wengine wanaamuru sehemu ya matukio itolewe. Mkiweza, kubalianeni mapema amri ya mahakama chini ya kanuni ya 502(d) ya ushahidi ya shirikisho, nyaraka ya siri ya wakili ikiponyoka kwa bahati mbaya irudishwe bila kupoteza kinga.

Halafu sikilizeni kampuni inajiteteaje. Kwenye kesi ya SuperValu mwaka 2023, nayo ya False Claims Act, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kinachoangaliwa ni mshtakiwa mwenyewe aliamini nini. Sasa wakisema "tuliamini ni halali, mawakili wetu walipitisha", wamejifungulia mlango, waombeni huo ushauri wenyewe.

Kijana_wa_Makole:
Hapa kwetu je mtu anaweza kufungua kesi hivyo apate mgao?

WakiliAreaC:
Hapana. Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 inakulinda usilipiziwe kisasi, kushtaki mwenyewe kwa niaba ya serikali haimo. Huko Marekani serikali isipoingia mtoa taarifa anapata asilimia 25 hadi 30 ya kinachopatikana, ndo maana mawakili wako tayari kukesha.

mtu_wa_Nkuhungu:
Naanza na Open Payments usiku huu. Ahsanteni wakuu.