Karo ya 3,000 au bure? Mafunzo ya injini za boti Lamu

BintiLangoni
Assalaam alaikum jamaa. Kikundi chetu cha vijana hapa Lamu kinafundisha kutengeneza injini za boti, wiki nane. Mfadhili hulipia mwalimu na vipuri. Januari tulifundisha bure: walijiandikisha 31, kufika wiki ya nne nikahesabu 12. Mfadhili akasema cha bure hakithaminiwi, basi Juni tukatoza 3,000. Wakaja 9, na wote wakamaliza. Sasa anataka tupandishe hadi 5,000 kwa kuwa, asema, bei ndiyo iliyoleta nidhamu.

Roho yangu haikubali. Siku ya kujiandikisha alikuja kijana wa Faza, kisiwani Pate, vidole vimejaa makovu ya mshipi wa kuvulia. Akainamia kabureta tuliyoifungua mezani, akagusa kwa ukucha kitundu kilichoziba kabla mwalimu hajasema neno. Nilipomtajia 3,000 akauliza kama aweza kulipa msimu wa kuvua kamba ukifunguka. Sikuwa na ruhusa. Akashukuru, akashuka gatini. Katika ripoti hayumo popote, si kwa waliomaliza wala kwa walioacha. Nipange bei vipi?

NahodhaMstaafu
Waalaikum salaam mwanangu. Januari ni msimu wa upepo wa kaskazi, bahari shwari, kila mwenye chombo yuko nje. Nani akae darasani aache riziki? Juni ni kusi, mashua ndogo ziko juu ya mchanga. Hapo mmelinganisha bei au mmelinganisha pepo?

Mchumi_Malindi
Nahodha amemaliza kazi. Mlibadilisha vitu viwili kwa mpigo, kwa hiyo huwezi kusema ni kipi kilichowashikilia wale 9.

Kuna utafiti wa Jessica Cohen na Pascaline Dupas, magharibi mwa Kenya, kuhusu vyandarua kwa wajawazito kliniki. Bei ilipotoka bure ikafika shilingi 40, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Na waliolipa hawakuonekana kuvitumia zaidi ya waliopewa bure. Chandarua si kozi ya wiki nane, sitavuta mfano kupita kiasi, lakini shilingi 40 tu ziliwarudisha watu nyumbani. 3,000 je?

Halafu karo si gharama yote. Hata vyuo vya ufundi vya serikali, karo ilipokuwa 56,420 kwa mwaka na serikali ikitoa 30,000, kijana alibaki na 26,420 kabla ya chakula na malazi. Jaribuni amana ya 500 inayorudishwa wiki ya nane. Na andika kila anayeuliza bei akaondoka, maana huyo ndiye anayekuonyesha bei imefanya nini.

MamaWaFaza
Dada, nauli ya boti kwenda na kurudi kwa wiki nane inaishinda hiyo karo. Kijana wangu aliacha ile ya bure kwa sababu hiyo, wala si dharau.

BintiLangoni
Ahsanteni sana, na shikamoo nahodha. Mama, nisamehe, wale 19 nilidhani wamechoka tu, sikumuuliza hata mmoja. Kesho naanza kuwapigia. Kwa mfadhili nitaomba mkupuo ujao uwe kusi tena, amana 500, na zile pesa za vyeti na fulana ziende kwenye nauli ya watu wa Pate. Yule kijana hakuacha nambari ya simu. Nimemwagiza nahodha wa boti ya Faza amtafute.