Nchi ikielemewa na madeni, sheria isimamishe malipo yote ya madeni ya nje?

Mleta mada: Wakuu, Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba ya hatifungani (hati za mkopo ambazo serikali huwauzia wawekezaji), dola milioni 42.5. Ilimalizana na wenye hatifungani Juni 2024. Miaka mitatu na nusu! Napendekeza hivi: nchi ikishaomba nafuu kupitia Mfumo wa Pamoja wa G20 (utaratibu wa mataifa yenye uchumi mkubwa wa kupunguzia nchi maskini madeni), malipo yote ya madeni ya nje yasimame kisheria hadi mazungumzo yaishe.

Kikokotoo: Mkuu, Zambia ilikuwa imeshaacha kulipa. Kilichoichelewesha ni foleni. IMF inapiga hesabu ya deni himilivu, yaani kiasi ambacho nchi inaweza kumudu kulipa, serikali zinazodai zinaahidi kupunguza, ndipo bodi ya IMF inaidhinisha mkopo (Agosti 2022, dola bilioni 1.3). Serikali zikaafikiana Juni 2023 kuhusu dola bilioni 6.3. Wenye hatifungani wakaja mwisho, na Novemba 2023 kamati ya serikali hizo, chini ya China na Ufaransa, ikayakataa makubaliano yao kwa kuwa nafuu waliyotoa haikulingana na ya serikali. Hesabu zikaanza upya. Wadai wote wakae mezani wakati mmoja, hapo ndipo pa kubana.

Wakili wa Madeni: Kuacha kulipa si sawa na kulindwa na sheria. Riba inaendelea kulimbikizwa na mdai anaweza kushtaki. Donegal, kampuni ya kununua madeni mabovu kwa bei ya chini, ilinunua deni la Zambia kutoka Romania kwa takriban dola milioni 3. Mwaka 2007 mahakama ya London ikaipa zaidi ya dola milioni 15. Sheria ya Uingereza ya 2010 inagusa madeni ya zamani tu ya nchi za HIPC, mpango wa nafuu kwa nchi maskini zenye madeni makubwa. Hatifungani nyingi za dola za Afrika zinafuata sheria ya Uingereza au ya New York, kwa hiyo mabunge mawili tu yangebadilisha mengi.

Kikokotoo: Sawa, lakini "yote"? Ukigusa mikopo ya muda mfupi ya kuagizia mafuta na mbolea, muuzaji atadai fedha taslimu kabla meli haijapakia, na akiba ya dola itakauka.

Mleta mada: Hiyo itolewe, nakubali. Hatifungani za ndani sikuzitaja kwa makusudi: Ghana ilipozibadilisha 2023, mitaji ya benki zilizokuwa nazo ilimegeka vibaya. Ila kurekebisha foleni pekee hakumalizi tatizo. Ethiopia iliomba nafuu 2021, ikaendelea kulipia hatifungani yake ya dola bilioni 1, riba asilimia 6.625, hadi Desemba 2023. Hiyo ni takriban dola milioni 66 kila mwaka, huku nchi imeshatangaza kwamba imeelemewa.

Wakili wa Madeni: Basi usitishaji uwe na ukomo, na riba isilimbikizwe katika kipindi hicho. Bila ukomo hakuna mdai atakayeharakisha, wala mdaiwa.