Naomba ushauri: uraia wa mzee aliyezaliwa Moshi kabla ya Uhuru

Wakuu, habari zenu. Mzee kazaliwa Moshi 1938, baba mzaliwa wa Taveta upande wa Kenya, mama wa Marangu. Afisa anadai alipaswa kujiandikisha kuwa raia kabla ya Desemba 1963. Nijuavyo, ile miaka miwili ya kujiandikisha baada ya Uhuru iliwahusu waliozaliwa hapa huku wazazi wote wawili wakiwa wazaliwa wa nje. Mmoja akiwa mzaliwa wa Tanganyika, uraia uliingia wenyewe 9 Desemba 1961. (Wengi hukwama hapa: cheti chako cha kuzaliwa pekee hakitoshi, cha mzazi ndicho huamua.)

Kwa upande wa mama ipo kadi ya ubatizo tu, wino umefifia, mahali pa kuzaliwa pameandikwa "Kilimanjaro". Tuanze na daftari la usharika, au kiapo cha ndugu aliyemzidi umri kitakubalika?